Mota ya 775, ruta ya seremala au inveta: uchague ipi kwa CNC ndogo huku Nyanda za Juu Kusini?

Simu iliingia saa mbili usiku, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imeshika hasa. "Shikamoo fundi." Marahaba. Ni kijana wa Makambako ninayemfahamu, anachonga vibao vya majina ya ofisini kwa mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile yenye meza ya sentimita 30 kwa 18 inayoitwa 3018.

"Fundi, mota inazunguka lakini haisikii. Nikiandika elfu tatu, elfu sita, elfu tisa, mlio ni uleule. Nimeshaongea na jamaa wa Dar aniletee inveta na spindeli ya maji. Unaonaje?"

Nikamwambia aweke simu pembeni, spika iwe wazi, afungue programu ya mashine, aandike alama ya dola mara mbili kisha abonyeze Enter. Yakatoka mafungu ya mistari. "Nisomee wa dola thelathini." Kimya kidogo. "Dola thelathini, sawasawa na elfu moja."

Kumbe ndiyo hiyo. Bodi yake ilikuwa imeambiwa kwamba mwendo wa mwisho wa mota ni 1000. Sasa elfu tatu, elfu sita na elfu tisa zote zimepita mwisho, kwa hiyo kwa bodi zote zina maana moja: fungulia umeme wote. Akaandika $30=10000, akatuma tena S3000 na S9000, na mimi huku nikasikia mlio ukishuka na kupanda. Jamaa wa Dar akakosa biashara siku hiyo.

Nina simu nyingi za aina hii, na karibu zote zinaishia kwenye swali lilelile: ninunue nini ili mwendo unitii? Nimetumia mifumo yote mitatu inayopatikana kwa watu wa uwezo wetu, na bado miwili ninayo karakanani. Nitailinganisha, ila mizani yangu haiko kwenye nguvu peke yake. Napima pia hivi: siku mwendo ukigoma, wewe uliyeko Makambako au Tukuyu, bila fundi wa CNC wa kumwita, utaweza kujua kosa liko wapi?

Amri inapita wapi

Mwendo wa mota ya kukatia unaanzia kwenye faili, kwenye herufi S na namba yake. Namba hiyo inapita kwenye programu ya kompyuta, inaingia kwenye bodi, bodi inaigeuza kuwa umeme wa aina fulani, umeme huo unakiamuru kifaa kinacholisha mota, ndipo mota inazunguka. Kila hatua inaweza kupotosha. Mifumo hii mitatu inatofautiana hasa kwa wingi wa hatua hizo.

Wa kwanza ni mota ndogo ya umeme wa DC, inayoitwa 775, ya volti 24, inayoamriwa na bodi yenye programu ya GRBL. Wa pili ni ruta. Ukisema ruta mjini watu wanafikiria intaneti. Mimi nasema ile mashine ya mkono ya seremala, ya kupigia kingo na mifereji, ambayo unaifunga kwenye CNC kwa kibanio na mwendo wake unauweka kwa kuzungusha gurudumu dogo mgongoni. Wa tatu ni spindeli, yaani mota maalumu ya kukatia, ya fezi tatu, pamoja na inveta yake. Hapa napo majina yanagongana: si inveta ya sola. Ni boksi linalopokea umeme wa nyumbani wa fezi moja na kutoa wa fezi tatu, kwa hezi unazotaka wewe.

775 na GRBL: mota dhaifu, makosa yanayosomeka

Nianze na sifa yake kubwa. Mfumo huu ukikosea, kosa liko kwenye skrini au kwenye ncha za multimita ya bei ya chini. Bodi haipunguzi volti. Inawasha na kuzima umeme karibu mara elfu moja kwa sekunde, na mwendo unategemea umewaka kwa sehemu gani ya muda. Hiyo ndiyo wanayoiita PWM. Ukiandika S5000 wakati $30 ni 10000, umeme unawaka nusu ya muda. Weka multimita kwenye volti za DC, gusa pini ya amri ya bodi ya Arduino, ile inayobeba GRBL, utaona kama 2.5. Gusa ncha za mota, utaona namba iliyo jirani na 12. Ukipata 2.5 kwenye pini na sifuri kwenye mota, umeshajua: kosa liko katikati, kwenye transista ya nguvu au waya wake. Hata mota ikianza kuzunguka kwa nguvu zote mara tu unapowasha mashine, kabla hujaandika M3, amri ya kuwasha mota, ni transista hiyohiyo, imekufa ikiwa imefunguka. Na ukitaka kuithibitisha mota yenyewe, ichomoe, ipe volti 24 moja kwa moja. Ikizunguka vizuri, iache, si yenyewe.

Makosa ya namba ni mengi kuliko ya waya. La $30 nimeshalieleza, lakini lina pacha wake wa kinyume: $30 iko 10000 na faili limeandikwa kwa mtu ambaye mwisho wake ni 1000. Hapo S1000 inakuwa sehemu ya kumi tu ya umeme. Mota inanguruma, haizunguki, biti, yaani kisu cha kukatia, inashuka kwenye mbao ikiwa imesimama, na inakatika. Watu wanalaumu biti za bei rahisi.

La $32 ni la kichawi zaidi. Hilo linaiambia bodi kwamba kichwani kuna leza. Likiwa 1, bodi haitoi umeme isipokuwa wakati wa mwendo wa kukata, yaani G1, G2 au G3. Kwa leza ni usalama. Kwa mota ni balaa: unaandika M3 S8000 mashine ikiwa imetulia, mota haitikisiki, unaendesha kazi, inazunguka inapokata na kuzimika kila kichwa kinaponyanyuka kuhama. Mtu akiona hivyo anaapa waya umelegea. Kama umewahi kufunga leza kwenye mashine yako, angalia $32 kabla hujashika bisibisi.

Kuna moja la waya linalostahili kutajwa, kwa waliojenga wenyewe kwa Arduino Uno na ile kadi ya juu inayoitwa CNC Shield V3. Kadi ilichapwa kabla GRBL haijahamisha amri ya mwendo. Siku hizi amri ya mwendo inatoka pini ya 11, ambayo kwenye kadi imeandikwa kuwa ni ya swichi ya mwisho ya Z. Na swichi ya Z imehamia pini ya 12, palipoandikwa ni pa kuwashia spindeli. Ukifuata maandishi ya kadi, mota haibadilishi mwendo milele, na hakuna namba utakayoandika ikasaidia. Badilisha waya hizo mbili nafasi.

Sasa ubaya wake. Mota ya 775 haina mtu wa kuipima. Umeiambia 8000, ikiwa hewani itakaribia, ikiingia kwenye mbao inashuka, na bodi haina habari. Kwenye plastiki laini, shaba nyembamba au paini ya kuchora herufi kwa kina cha nusu milimita, haina shida. Kwenye mninga, au mkaratusi uliokauka, inalia kama inzi kwenye chupa. Kaboni zake nazo zinalika, na vumbi la mbao linaharakisha. Wanaoiuza wanatangaza mizunguko 10,000 hivi kwa dakika kwa volti 24, na hapo ni bila mzigo.

Ruta: hakuna amri, kwa hiyo hakuna amri ya kuharibika

Hii nitaieleza haraka kwa sababu haina mengi ya kueleza, na hilo ndilo zuri lake. Namba S kwenye faili haina kazi. M3 haina kazi, labda umeweka rilei ya kuwasha na kuzima. Mwendo unauweka kwa kidole. Ruta nyingi nzuri zina kadi ndani inayopima mwendo na kuongeza umeme mbao inapobana, kwa hiyo mwendo haushuki ovyo kama wa 775. Makita RT0700C kwa mfano ina gurudumu la 1 mpaka 6: namba 1 ni mizunguko 10,000, namba 3 ni 17,000, namba 6 ni 30,000. Bandika karatasi yenye namba hizo kwenye mashine, kwa sababu utasahau.

Makosa yake ni matatu kwa kadiri nilivyoyaona. Ukizungusha gurudumu na mlio haubadiliki, kadi ya ndani imekufa. Fundi wa mashine za mkono anaifahamu. Ikiwa inakatakata mlio na kutoa cheche za bluu nyingi kwenye matundu, kaboni zimeisha. Na la tatu ni la mwenye mashine: kasahau kuiwasha. Nimeshavunja biti mbili kwa hilo la tatu.

Usije ukafunga dima ya taa kwenye ruta yenye kadi yake ili ipungue zaidi. Kadi mbili zinazogombea umeme mmoja, moja inaungua, na si ile ya bei rahisi.

Tatizo la kweli la ruta liko chini, si juu. Haishuki chini ya 10,000, na zingine hazishuki chini ya 16,000. Piga hesabu. Biti ya milimita 6 yenye meno mawili, kwenye paini, unataka kila jino ling'oe kama sehemu ya kumi ya milimita. Likila kidogo sana linasugua badala ya kukata, na kinachosugua kinaungua. Mizunguko 10,000, mara meno 2, mara 0.1, unapata milimita 2,000 kwa dakika. Mashine yenye mikanda myembamba na fremu ya kutikisika haifiki huko. Ukiiendesha kwa 800, kila jino linakula 0.04, paini inatoa moshi, na utomvu unaganda kwenye biti kama sukari iliyoungua. Watu wanaona alama nyeusi ubaoni wanasema mwendo wa mota una hitilafu. Hauna. Nunua biti ya jino moja, hesabu inagawanyika nusu, kazi inaendelea. Hata akriliki, inayoyeyuka na kujisokota kwenye biti, inatulia kwa jino moja.

Inveta na spindeli: nguvu halisi, milango mingi

Hapa ndipo wengi wanakotamani kufika, na ndipo ninapopokea simu ndefu.

Kwanza elewa hesabu yake, ni rahisi. Spindeli nyingi za kazi zetu zina nguzo mbili za sumaku, kwa hiyo mizunguko kwa dakika ni hezi mara 60. Hezi 400 ni 24,000. Hezi 200 ni 12,000. Hezi 50, zile za ukutani, ni 3,000 tu. Skrini ya inveta ikionyesha hezi, zidisha kichwani, utajua mota iko wapi bila kifaa kingine. Inapungua kidogo tu kutoka hapo mbao inapobana.

Pili, kabla hujabonyeza RUN kwa mara ya kwanza, hakikisha inveta imeambiwa kwamba mota ni ya hezi 400. Inveta nyingi zinatoka kiwandani zimewekewa mota ya kawaida ya hezi 50. Ukiiacha hivyo, inaipa spindeli volti zote 220 kwenye hezi 50, mahali ambapo ilistahili kupata sehemu ya nane tu. Nyaya za ndani zinachemka kwa muda mfupi sana. Kwenye inveta za Huanyang, ambazo ni nyingi sokoni, namba za kuangalia ni PD004 na PD005, zote ziwe 400. Kama spindeli yako inapozwa na feni iliyo kwenye ekseli yake, weka na PD011, hezi za chini kabisa, iwe 120, ili mtu asije akaiendesha taratibu mpaka feni ikashindwa kuvuta hewa. Hezi 120 ni mizunguko 7,200.

Tatu, uamuzi wenyewe: nani anaiamuru inveta? Ziko njia tatu, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya spindeli moja na nyingine.

Kinobu cha usoni. Unabonyeza RUN, unazungusha, unasoma hezi. Hapo inveta ni ruta yenye adabu: haina kaboni, kelele ni ndogo, na mwendo unashuka kuliko wa ruta. Makosa ni machache kwa sababu kompyuta haihusiki.

Volti 0 mpaka 10. Kompyuta inatuma S, bodi inatoa PWM, kibodi kidogo chenye vibano vya kijani kinaigeuza PWM kuwa volti, volti zinaingia kwenye inveta palipoandikwa VI na ACM. Amri ya kuwasha inapita njia nyingine, FOR na DCM. Hapa simu ni nyingi, na ile kuu ni hii: "Nimeandika S24000, spindeli inaishia 12,000." Mara nyingi amepeleka volti 5 za Arduino moja kwa moja kwenye mlango unaosubiri 10. Nusu ya volti, nusu ya mwendo, skrini inasema 200 badala ya 400. Kama kibodi cha kati kipo, andika S ya nusu ya mwisho wako, weka multimita kwenye VI na ACM, zungusha kile kijiskrubu cha kibodi mpaka usome volti 5 kamili. Kama kijiskrubu hakisaidii, angalia jampa ya kibodi. Ina nafasi mbili, ya amri ya volti 5 na ya volti 24, na kwa Arduino ni ya 5.

Ikiwa volti ziko sahihi na inveta bado haisikii, haijaambiwa isikilize huko. PD001 inachagua amri ya kuwasha inatoka wapi, PD002 inachagua mwendo unatoka wapi. Sifuri ni vitufe vya usoni, moja ni waya za nje, mbili ni mawasiliano ya data. Nimekuta mashine ambayo PD001 iko 1 na PD002 iko 0: inawaka kwa amri ya kompyuta kama askari, lakini mwendo ni uleule uliowekwa kwa vitufe wiki iliyopita.

RS485, yaani mawasiliano ya data kati ya kompyuta na inveta, ni ya tatu, nitaipita. Waya mbili tu, namba inafika kamili bila kupimwa volti. Lakini Huanyang za zamani zina lugha yao wenyewe, si Modbus, lugha ya kawaida ya vifaa hivi, na ikigoma, multimita haikusaidii kitu. Kama unatumia LinuxCNC, programu ya kompyuta ya kuendeshea CNC, na unapenda kusoma, sawa.

Kuna ugonjwa wa inveta ambao haufanani na ugonjwa wa mwendo, na ndio ulionifundisha heshima. Nilikuwa nachonga paneli ya mlango wa mninga, saa ya tatu ya kazi, mashine ikasimama ghafla katikati ya ua la kona, spindeli ikiendelea kuzunguka palepale na kuchimba shimo jeusi. Kompyuta inasema mashine haipo. Nikabadilisha bodi. Ikarudia. Nikabadilisha waya wa USB. Ikarudia kwenye paneli ya pili. Siku ya nne ndipo nikainama chini ya meza nikaona nilichokifanya mwenyewe: waya wa spindeli na waya wa USB nimeupitisha pamoja kwenye mfereji mmoja wa plastiki, vizuri kabisa, nimeufunga na vibano. Inveta inakata umeme kwa kasi kubwa, na waya wake unarusha kelele ya umeme kama antena. Nikatenganisha, waya wa spindeli ukawa wenye wavu wa kinga uliofungwa kwenye ethi, USB nikaifupisha, na ugonjwa ukaisha. Paneli mbili za mninga ndiyo ada niliyolipa.

Na kuna mambo ya huku kwetu ambayo kijitabu cha inveta hakiyatii mkazo. Inveta nyingi zinapimwa kwa mwinuko wa mita 1,000. Mbeya iko kama 1,700, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Kanuni ya mafundi umeme ni kupunguza asilimia moja kwa kila mita 100 zinazozidi, kwa hiyo hapa Mbeya ni kama asilimia 7. Si ya kuogopa, ila usinunue inveta iliyobana kabisa na spindeli. Chukua inayozidi ngazi moja. Maji ya kupozea nayo: mwezi wa sita na wa saba Makete na Njombe baridi inagandisha majani. Changanya kulanti ya gari kwenye ndoo, na asubuhi iache spindeli izunguke taratibu dakika chache kabla hujaipa kazi. Grisi ya beringi imekuwa ngumu kama mafuta ya ng'ombe yaliyolala.

Tena inachukua muda kufika mwendo. Weka G4, amri ya kusubiri, baada ya M3, isubiri sekunde tano au zaidi kulingana na PD014, ule muda uliouweka wa kupanda mwendo. Kwenye GRBL, G4 P5 ni sekunde tano.

Umeme ukiyumba

Hili linaamua mengi huku kuliko kijitabu chochote. Volti zikishuka jioni, watu wote wakiwasha majiko, 775 haijui: adapta yake ya volti 24 kwa kawaida inakubali chochote kati ya 100 na 240. Ruta inapungua nguvu, inahangaika, lakini inaendelea. Inveta inajitoa, inaandika kosa la volti ndogo na kusimama, huku mashine ikiendelea kusukuma biti iliyokufa kwenye mbao, labda uwe umeunganisha waya wa kosa na bodi. Ukiwa na inveta ya kilowati 2.2, usiivutie umeme kwa ekstensheni nyembamba ya mita ishirini.

Umeme ukikatika na kurudi ndipo ninapoiogopa ruta. Swichi yake umeiacha imewashwa, nyingi zinaanza kuzunguka zenyewe umeme unaporudi, wewe umeinama unatoa maranda. GRBL inarudi imezimwa mota. Inveta inayoamriwa kwa vitufe inasubiri uibonyeze.

| | 775 na GRBL | Ruta | Inveta na spindeli |
|---|---|---|---|
| Mwendo wa kazi | mpaka kama 10,000, bila mzigo | 10,000 mpaka 30,000 | 7,200 mpaka 24,000 |
| Herufi S kwenye faili | inatii, ukiweka $30 sawa | haina kazi | inategemea nani anaamuru |
| Mbao ikibana | inashuka | inajitahidi | inashikilia |
| Kosa utalipata kwa | skrini na multimita | sikio | multimita, kijitabu na uvumilivu |
| Volti zikishuka | haijali | inachoka | inajitoa |

Ningechagua hivi

Mwanafunzi wa shule ya ufundi pale Iyunga, Mbeya, anayetaka kuelewa, au mtu wa vibao na mihuri: 775, na asiione aibu. Kila kosa nililoeleza hapo juu atalikuta, atalitatua kwa usiku mmoja, na siku akipanda kwenye inveta atakuwa anajua S ni nini.

Fundi wa vitanda na makabati pale Mafinga, paini ya msitu wa Sao Hill inapita mlangoni kwake kila siku: ruta, tena ya kampuni ambayo kaboni zake zinauzwa kwenye duka la vifaa la mjini. Mwendo wake haubadiliki katikati ya kazi. Anakata mbao moja, unene mmoja, kutwa. Kompyuta kubadilisha mwendo ni anasa ambayo haimwongezei kitanda hata kimoja. Akizoea kubadilisha kaboni mara ya pili au ya tatu, ndipo aanze kuweka akiba ya spindeli.

Mwenye milango ya mninga na oda za kweli: inveta, lakini kwa kinobu cha usoni mwezi wa kwanza. Ninajua inakera, umelipia kompyuta iamuru kila kitu. Hata hivyo, ukianza na kinobu, siku utakapounganisha waya za 0 mpaka 10 na mwendo ukakataa, utarudisha PD001 na PD002 kwenye usoni, ubonyeze RUN, na ikizunguka umeshajua spindeli na inveta ni nzima, tatizo liko kwenye zile waya mbili ulizofunga jana. Aliyeunganisha vyote siku moja hana pa kurudi.

Nusu na nusu siipendekezi: spindeli ya inveta kwenye fremu ya 3018. Fremu inatikisika, spindeli ni nzito kuliko kichwa chote cha mashine.

Na mfumo wowote utakaouchagua, nunua takometa ya mwanga, kipima mizunguko, ile unayobandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye koleti, ile inayobana biti, na kumulika. Kijana wa Makambako aliazima ya kwangu nilipopita kwenda Iringa. Wiki iliyofuata akanitumia picha ya karatasi aliyoibandika juu ya mota yake, kwa kalamu nyekundu: S3000, haianzi bila kusukumwa na kidole. S5000, halisi 4,100. S10000, halisi 8,600. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa, USIANDIKE CHINI YA 4000, na pembeni, kwa herufi ndogo, namba ya simu ya yule jamaa wa Dar, ameikata kwa mstari mmoja tu.